Kwa Mwalimu Anayeanza: Madarasa ya Kati katika Shule ya Kikatoliki ya Kiklasiki

Mwalimu mpya anapokabidhiwa darasa la sita, la saba au la nane katika shule ya Kikatoliki ya hapa Marekani inayofuata mtaala wa kiklasiki, mara nyingi kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni orodha ndefu ya vitabu vya kale. Nakushauri uiweke kando kwa muda. Mtaala huu umejengwa juu ya stadi zilizorithiwa kutoka shule za kale na za Zama za Kati, yaani sanaa huria saba: tatu za lugha, ambazo ni sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kusema na kuandika kwa kushawishi), na nne za namba na vipimo, ambazo ni hesabu, jiometri, muziki na falaki. Wanafunzi wako wana miaka 11 hadi 14, na jambo linalowapendeza kuliko yote ni kubisha. Mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers, katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1947, alieleza kwamba umri huo wa kujibizana na kuwanasa wakubwa katika makosa yao ndio unaofaa kwa mantiki, na shule nyingi za kiklasiki nchini humu zimelifuata wazo lake. Mimi naliafiki kwa sharti moja: mtoto abishe juu ya jambo analolijua vizuri, na ili alijue vizuri, wewe huna budi kufundisha machache na kuyarudia.

Kilatini ndicho kinachoonyesha hili waziwazi. Ukishirikishwa kupanga ratiba, omba kipindi kifupi kila siku badala ya vipindi viwili virefu kwa wiki. Nomino za Kilatini zina makundi matano na vitenzi vina manne, na miisho ya nomino hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Mambo kama hayo hayashikwi kwa mkupuo. Anza na maneno ambayo watoto wanayasali tayari. Chukua mstari mmoja wa Sala ya Bwana, Panem nostrum quotidianum da nobis hodie (utupe leo mkate wetu wa kila siku), uandike ubaoni, kisha uliza kwa nini imeandikwa panem na si panis, nani anaombwa kutoa, nani anayepewa, na kwa nini nostrum inaafikiana na panem ilhali miisho yao, -em na -um, si sawa. Maneno sita tu, lakini ndani yake mna yambwa tendwa, yambwa tendewa, kitenzi cha kuomba na upatanisho wa vivumishi. Mwalimu anayezungumza Kiswahili ana faida kubwa hapa, kwa kuwa ngeli zimekwisha kumzoesha upatanisho. Anayesema “kiongozi mwema”, wala si “kiongozi chema”, hatashangazwa na nauta bonus, baharia mwema, ambapo nomino ina mwisho unaoelekea kuwa wa kike lakini kivumishi kinafuata jinsia ya mtu mwenyewe.

Namna ya kufundisha somo lenyewe wala huna haja ya kuibuni. Wajesuiti, shirika la kitawa la Kikatoliki, waliiweka katika mwongozo wao wa masomo wa mwaka 1599, nao waliiita praelectio: mwalimu husoma kifungu kifupi kwa sauti, hueleza maana yake kwa ujumla, kisha hukirudia sentensi kwa sentensi akifafanua maneno na muundo, na siku inayofuata wanafunzi hukirudisha wenyewe kabla ya kupewa kipya. Jumamosi ilikuwa siku ya kurudia kazi ya wiki nzima. Katika shule zetu Ijumaa inatosha. Sijaona mbinu ya kisasa inayoizidi, na nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu mtoto dhaifu hupata nafasi ya kusikia jambo lile lile mara nne au tano bila kuaibishwa.

Katika mantiki, tumia mifano inayowagusa. Wakatoliki wote ni Wakristo. Jirani yangu ni Mkristo. Basi jirani yangu ni Mkatoliki. Watoto wa darasa la saba watahisi kasoro mara moja, lakini kuieleza kutawachukua kipindi kizima, na usiwape jibu. Weka pia kanuni kwamba hakuna anayempinga mwenzake kabla ya kuyaeleza maoni ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali kwamba yameelezwa sawasawa. Waonyeshe kwamba Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Zama za Kati, katika kitabu chake Summa Theologiae, hutanguliza hoja zinazompinga kabla ya kutoa jibu lake. Kanuni hii hupunguza makelele, na huwafundisha upendo kwa jirani mahali ambapo hawakuutazamia.

Historia iende bega kwa bega na mafundisho ya dini. Mnapofika mwaka 410, Roma ilipotekwa na Wagothi, msomeni Agostino, askofu na mwandishi aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, na ambaye aliandika Mji wa Mungu kuwajibu waliodai kwamba Ukristo ndio ulioleta maafa hayo. Wazazi watakuuliza kwa nini watoto wa Kikatoliki wasome habari za miungu ya kipagani. Swali lao ni la haki, nalo lina jibu la zamani: askofu Basili Mkuu, katika karne ya 4, aliwaambia vijana wavitumie vitabu vya Wagiriki kama nyuki anavyotumia maua, wachukue yanayofaa na kuyaacha mengine. Wajibu hivyo kwa heshima, kisha uwaonyeshe kifungu hasa mtakachosoma.

Uandishi uanze na ngano na methali, kama yalivyoanza mazoezi ya kale ya balagha. Watoto wetu hawazikosi nyumbani. Jiometri ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwa maoni yangu, isubiri darasa la nane. Wape bikari na rula isiyo na vipimo, na pendekezo la kwanza la kitabu chake cha kwanza: kuchora pembetatu yenye pande sawa juu ya mstari uliotolewa. Mmoja athibitishe ubaoni bila kitabu, na kila hatua aseme inatokana na kanuni ipi. Akikwama, wenzake ndio wamuulize maswali, nawe ubaki umeketi nyuma ya darasa.