Maumivu ya mnyama anapochinjwa: yako wapi hasa, na nini kinayapunguza

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuna tofauti ya kweli kati ya kuchinja vizuri na kuchinja vibaya, au ni kujifariji tu kwa kuwa mwisho wake ni kifo. Wachangiaji wawili wamekujibu kwamba mnyama hasikii uchungu kama sisi. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu tofauti ipo, inapimika, na sehemu kubwa yake iko mikononi mwa aliyeshika kisu na mwa aliyemfikisha mnyama pale.

Kwanza hilo la uchungu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walipima umeme wa ubongo wa ndama waliopewa dawa nyepesi ya usingizi, kisha wakakatwa shingo. Ubongo ulionyesha mabadiliko yaleyale yanayoonekana mwili unapopata maumivu. Kwa hiyo kisu kinauma, na anayesema hakiumi kabisa anajidanganya. Ila Temple Grandin, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza machinjio, ameeleza kwamba ng'ombe aliyetulia, akikatwa kwa kisu kirefu na kikali mno, mara nyingi hashtuki sana. Kinachomfanya apambane ni kisu kifupi ambacho ncha yake inachomachoma ndani ya jeraha, au kidonda kinachojifunga na kubana bapa la kisu.

Kisu basi. Urefu wa makali uwe angalau mara mbili ya upana wa shingo. Kwa mbuzi wa kawaida hiyo ni sentimita 20 hadi 25, na kile kisu cha kumenyea vitunguu hakitoshi. Makali yawe yamenyooka, yasiwe na pengo hata moja, maana pengo moja linararua nyama badala ya kuikata. Kipimo chake ni rahisi: shika karatasi ya daftari kwa ncha moja ining'inie, kisha ikate kuanzia ukingoni. Kikisita au kikichana, rudi kwenye jiwe la kunolea. Ukichinja wanyama kadhaa, pima upya kila baada ya mnyama, kwa sababu makali yakigusa mfupa mara moja tu yameharibika. Na usinolee mbele ya mnyama.

Kwa Waislamu hili si jipya. Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws inaamrisha wema katika kila jambo, na inataja kuchinja waziwazi: mtu anoe kisu chake na ampe mnyama wake raha. Watu wengi wanaikariri halafu wanashika kisu butu. Kuelekea kibla na kutaja jina la Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kunoa.

Sasa mkato wenyewe. Mlaze mbuzi kwa ubavu wa kushoto, taratibu, watu wawili wakimshika, asibwagwe wala asivutwe kwa sikio au mkia. Kichwa kivutwe nyuma kiasi cha ngozi ya shingo kukaza tu. Ukikipinda kupita kiasi unamuumiza kabla hata ya kisu, na ukikiacha kilegee kidonda kinajifunga. Kata chini kidogo ya taya, chini ya koromeo, kwa kwenda na kurudi bila kuinua kisu na bila kukandamiza kama unayekata kuni. Vikatike koo la hewa, umio, na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili. Hiyo mishipa ndiyo inayoamua kila kitu. Mbuzi na kondoo hupeleka damu kwenye ubongo karibu yote kwa mishipa ya mbele ya shingo, kwa hiyo ikikatika yote hupoteza fahamu kwa kawaida ndani ya sekunde 20 hivi. Ukikata upande mmoja tu, au ukakata koo la hewa peke yake, unamwacha akijua kila kinachoendelea kwa muda mrefu zaidi.

Ng'ombe ni habari nyingine, na hapa ndipo watu hukosea kwa kudhani ni mbuzi mkubwa. Ana mishipa mingine inayopita ndani ya mifupa ya shingo, kisu hakiifikii, nayo huendelea kulisha ubongo. Pia ncha za mishipa iliyokatwa zinaweza kujivuta ndani na kuziba kwa damu iliyoganda. Ndiyo maana wengine huzimia haraka na wengine hubaki na fahamu kwa dakika nzima au zaidi, hata mkato ukiwa sahihi. Kwa sababu hii nakubaliana na wanaotaka ng'ombe azimishwe kwanza, yaani apotezwe fahamu, kwa bastola ya machinjio inayogonga paji la uso, pale ambapo mistari miwili kutoka kila jicho hadi shina la pembe ya upande wa pili inakutana. Kwa mbuzi mwenye pembe hapo si mahali pake, mfupa ni mnene. Hulengwa nyuma ya kichwa kati ya masikio kuelekea kidevuni.

Najua mjadala wa dini kuhusu kuzimisha, na sitaubeza. Zipo njia ambazo wanazuoni kadhaa wamezikubali: New Zealand huzimisha kondoo kwa umeme wa kichwani tu, mnyama akiwa bado hai na angeweza kuzinduka kama asingechinjwa, kisha anachinjwa kwa mkono. Nyama hiyo inauzwa kama halali katika nchi za Kiislamu. Asiyekubali hata hiyo anabaki na wajibu mzito zaidi wa kisu na wa utulivu, kwa sababu hana kingine cha kumsaidia mnyama.

Jambo ambalo halifai kabisa ni kumchoma ng'ombe kisogoni ili aanguke. Kufanya hivyo kunakata uti wa mgongo na kulemaza miguu. Anaonekana ametulia, kumbe hawezi tu kujitetea. Vilevile kuvunja shingo mara tu baada ya kukata, au kuanza kuchuna ngozi ya miguu huku damu bado inaruka. Subiri angalau dakika mbili. Miguu kurusharusha si dalili ya fahamu, ni uti wa mgongo unaofanya kazi bila ubongo. Dalili za fahamu ni kupumua kwa mpangilio, macho kufuata kitu, na kujaribu kuinua kichwa. Gusa mboni ya jicho kwa kidole. Akipepesa, hujaruhusiwa kuendelea.

Kuku ndiye anayeteswa zaidi kwa sababu ni mwepesi kubebeka. Tazama wanaofungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki kutoka gulioni. Ndege hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo akiwa kichwa chini matumbo yanalalia mifuko yake ya hewa na kupumua kunakuwa kazi. Safari ya saa mbili namna hiyo ni mateso makubwa kuliko kisu chochote. Tumia tenga lenye nafasi ya kuku wote kulala kwa wakati mmoja, kivulini. Waache bila chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, maji yaendelee.

Wakati wa kumchinja, chukua dumu la plastiki la lita 5, kata kitako chote, panua mdomo hadi kichwa na shingo vipite, kisha lipigilie ukutani mdomo ukiwa chini. Kuku anaingia kichwa kwanza, mabawa yanabanwa, na kwa hizo sekunde chache za kuinama anatulia kuliko aliyekanyagwa mabawa kwa mguu. Kata karibu kabisa na kichwa, nyuma ya taya, pande zote mbili. Ukikata katikati ya shingo, ateri zake, mishipa inayopeleka damu kichwani, zimejificha ndani ya misuli karibu na mfupa, unapata vena tu, mishipa inayoirudisha, na anachelewa kuzimia. Mwache damu itoke dakika mbili kamili kabla ya maji ya moto. Kuku anayetumbukizwa kwenye sufuria akiwa bado anapumua ni kosa la haraka za jikoni, na linatokea sana kwenye shughuli za harusi ambapo kuku 60 wanasubiri na wachinjaji ni wawili.

Anayejali ubora wa nyama tu naye anufaike: mnyama aliyekimbizwa na kuhangaishwa muda mrefu humaliza sukari ya misuli, asidi haijengeki inavyotakiwa baada ya kufa, na nyama inakuwa nyeusi, ngumu, inayooza upesi. Lakini hiyo isiwe sababu ya kwanza.

Samaki nao wamesahaulika humu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva za maumivu usoni. Waliochomwa asidi midomoni waliacha kula kwa saa kadhaa na wakasugua midomo kwenye changarawe, na mofini, dawa ya kutuliza maumivu, ilipunguza hali hiyo. Kumwacha sato afe kwa kukosa hewa kwenye ndoo ni dakika nyingi za kuhangaika. Kambale ni mbaya zaidi, kwa sababu anavuta hewa ya kawaida na anaweza kukaa hai nje ya maji kwa saa nyingi. Kumwagia chumvi akiwa hai ili utelezi utoke ni ukatili mtupu. Mpige rungu zito mara moja au mbili juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, ulipo ubongo, kisha ukate mashavu damu itoke. Pweza ubongo wake uko kati ya macho, naye achomwe hapo kwa ncha kabla ya kupigwapigwa mwambani.

Kaa wa mikoko na kambakoche wasitumbukizwe hai kwenye maji yanayochemka. Uswisi ilipiga marufuku jambo hili kwa kambakoche mwaka 2018, na Uingereza iliwatambua kaa, kamba na pweza kisheria kama wanyama wenye hisia mwaka 2022. Waweke kwanza kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, si maji baridi ya bomba, kwa dakika 20 au zaidi hadi wasijibu ukigusa macho. Kisha kaa mgeuze chali, inua kile kifuniko cha mkia tumboni, choma kwa ncha kali katikati ya shina lake, na mara ya pili mbele kati ya macho na mdomo, kwa sababu ana vituo viwili vya neva na kimoja hakitoshi. Kambakoche vituo vyake vimepangana kama mnyororo urefu wote wa mwili, kwa hiyo mpasue katikati kutoka kichwani hadi mkiani kwa kisu kizito, mara moja.

Na kwa aliyeandika kwamba mwenye huruma aache nyama kabisa: hiyo ni hoja nzito na inastahili uzi wake. Lakini anayekula leo usiku hajaondolewa swali la jinsi mnyama huyo alivyokufa, na Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ukiwa mnunuzi, muulize mwenye bucha au mama muuza kuku wanavyochinja, na ukimwona kuku amening'inizwa miguu juu, mwambie muuzaji kwamba utamnunua tu akiwa kwenye tenga.