Spidi ya maka ya peintiboli inayumba? Skrubu iache kwanza

Maka (ile bunduki ya kurushia mipira ya rangi) ikipimwa kwenye krono, kile kifaa cha kupima spidi ya risasi, ikasoma futi 270 kwa sekunde, inayofuata 295, halafu 262, watu wengi wanakimbilia alenki waanze kuzungusha skrubu ya spidi. Sasa jamani, ile skrubu inapandisha au kushusha risasi zote kwa pamoja, haizifanyi zifanane, utazungusha mpaka jua lizame na tofauti iko palepale.

Mimi huwa naanza na mipira. Fungua mtutu, utoe kabisa kwenye maka (usije ukapuliza bunduki yenye gesi, tafadhali), usafishe, tia mpira mmoja. Ukiporomoka wenyewe ukatokea upande wa pili mtutu ni mpana, hewa inapita pembeni na kila risasi inapoteza kiasi chake. Ukikaa, halafu ukipuliza kwa mdomo ukatoka, hapo sawa. Mingi inaandikwa .68 (upana wake kwa inchi) lakini hailingani, ikipata unyevu ndo inavimba kabisa, kwa hiyo pima na mipira ya boksi lilelile utakalochezea.

Gesi nayo. CO2 presha yake inafuata joto, kwenye nyuzi 21 ni kama psi 850, ukipiga mfululizo mtungi unapoa, presha inashuka na spidi inaifuata. Ukitaka namba zitulie hamia mtungi wa hewa ya kushindilia wenye regyuleta (kifaa cha kutuliza presha), mengine ni kujisumbua.

Baada ya hapo ndo regyuleta ya maka yenyewe, na hapa usiangalie wastani, angalia zile namba zinakujaje. Maka ikipumzika kidogo risasi ya kwanza ikatoka kali kuliko zingine, regyuleta inapitisha hewa taratibu, presha inajipandia, mara nyingi siti yake, ile sehemu inayoziba hewa, imelika. Ya kwanza ikiwa dhaifu halafu zinazofuata zikakaa vizuri, hiyo ni oringi (ringi ya raba ya kuziba hewa) kavu imeng'ang'ania, ifute upake grisi ya maka kidogo tu, sio ile ya gari. Zikianza vizuri zikawa zinashuka ukipiga harakaharaka, regyuleta haiwahi kujaza, au mtungi unaisha.

Tofauti ikishabaki futi 5 hivi juu au chini, sasa ndo shika alenki. Robo mzunguko, pima, robo tena, na ukishusha presha piga risasi mbili tatu kabla ya kusoma maana ile presha ya mwanzo bado imo ndani. Uwanja ukisema mwisho 280, risasi yako kali kuliko zote ndo isivuke hapo, sio wastani, na mtungi ukijazwa upya au hali ya hewa ikigeuka unapima tena.