Intaneti ya nyumbani kule Kitui

Ndugu, nimekuelewa: faiba haijafika, mtandao wenye 4G ni mmoja tu, na bando linaisha kabla ya wiki. Usinunue kitu bado. Zunguka boma na simu, pima kasi asubuhi na tena saa mbili usiku. Mtandao unaposhika vizuri zaidi, hata kama ni juu ya tangi la maji, ndipo pa kufunga antena ya nje. Ruta ya 4G, kile kifaa cha laini kinachogawa intaneti nyumbani, iwe na matundu ya kuchomeka antena hiyo. Nyingi za bei rahisi hazina.

Starlink, intaneti ya setilaiti, ipo Kenya tangu 2023, ila sahani yake ya kawaida hula wati 50 au zaidi. Kama unategemea sola, piga hesabu ya betri kwanza. Kumuuzia jirani intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Antena afunge fundi umeme na aweke ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini. Radi za Novemba si mchezo.