Wasomaji Wanauliza: Barbados, Bahari Yake Sio Moja

SWALI: Dada habari za kazi. Mwezi wa saba tunaenda Barbados, mimi na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 9, chumba bado hatujalipia. Kila ninayemuuliza ananiambia we kaa popote, kisiwa kidogo, bahari ni ileile. Ni kweli? Hawa wangu wakiona maji hawashikiki. – Mama wa wawili

JIBU: Hapana mama, sio ileile, na nakuomba sana hili ulijue kabla hujatoa hela ya chumba. Kisiwa ni kidogo kweli, kama kilomita 34 tu kwa urefu, ila upande wa magharibi unatazama Karibi na maji yake yametulia, na upande wa mashariki unatazama Atlantiki, na kutoka pale hakuna kisiwa kingine mpaka uje ugonge Afrika, kwa hiyo wimbi linalopiga Bathsheba, ufukwe wa upande huo wa mashariki, limetembea safari nzima hiyo bila kuzuiwa na kitu. Pazuri mno jamani. Yale mawe makubwa yamesimama majini, chini yameliwa na mawimbi mpaka yamekuwa kama uyoga, na watu wanatoka mbali kuja kuteleza na mbao zao pale. Lakini mkondo wake unambeba hata mtu mzima anayejua kuogelea. Nendeni mkaangalie, watoto wachezee vidimbwi vya kwenye miamba maji yakiwa yamekupwa, na wewe uwe hapohapo pembeni yao, basi, msiingie zaidi.

Kuogelea nendeni upande wa magharibi, Holetown au Paynes Bay, au Carlisle Bay pale karibu na Bridgetown, mji mkuu. Na fukwe zote Barbados ni za umma, hata zile zilizo mbele ya mahoteli makubwa, kwa hiyo mnaweza kupanga nyumba ya bei nafuu ndani ndani huko na bado mkaja kuoga mnapotaka.

Sasa kuna jambo moja wageni wengi hawaambiwi. Ufukweni kuna mti unaitwa manchineel, una kivuli kizuri kabisa na tunda lake ni kama tufaha dogo la kijani linaloenda kwenye manjano, linaenea kwenye kiganja cha mtoto, lina harufu tamu, na ni sumu. Sio tunda tu, utomvu wake mweupe unababua ngozi, na mvua ikinyesha yale matone yanayochuruzika kutoka kwenye majani yanatoa malengelenge, yani ule mti ambao ungekimbilia kujikinga mvua ndio wa kuukimbia. Mingi imepigwa alama ya rangi nyekundu kwenye shina, ila sio yote. Waambie watoto mapema, tena warudie wenyewe kwa midomo yao: hatuokoti tunda lolote ufukweni. Utomvu ukimgusa mtu, mwosheni kwa maji mengi na mwende kwa daktari.

Mwezi wa saba pia ni ndani ya msimu wa vimbunga, unaanza Juni unaisha Novemba. Barbados imekaa mashariki sana kwa hiyo vimbunga vingi vinaipita pembeni, ila tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake tu na bado mawimbi yakavunja boti nyingi za wavuvi. Chukua tiketi na chumba vinavyoweza kubadilishwa tarehe, hata kama bei inapanda kidogo.

SWALI: Natembea kwa bajeti, taksi siziwezi. Usafiri wa kule ukoje na nibebe hela gani? – Kijana wa bajeti

JIBU: Beba dola za Marekani ndogo ndogo, zinapokelewa karibu kila mahali, na dola 1 ya Marekani ni dola 2 za Barbados, haipandi haishuki, imefungwa hivo tangu 1975. Tatizo ni kwamba zote zinaitwa dola. Mimi nilikaa kwenye mgahawa mmoja nikaona samaki 40, sikuuliza, nikalipa 40 za Marekani kumbe ilikuwa 40 za kwao, chenji sikupewa, na niligundua usiku nikiwa nimelala. Uliza kila mara, dola ipi? Na taksi hazina mita, ukilazimika kupanda mkubaliane bei mlango bado uko wazi.

Ila kweli utahitaji taksi mara chache. Mabasi ya serikali ni ya bluu, minibasi za watu binafsi ni za njano, na kuna zile gari nyeupe zenye mstari wa rangi ya damu ya mzee zinaitwa ZR, kwa sababu namba zake zinaanza na herufi hizo, ukishazoea daladala au matatu pale umefika nyumbani, muziki juu na watu wamebanana. Nauli ni dola 3.50 za Barbados, uende karibu uende mbali. Kwenye basi la bluu uwe na hela kamili maana chenji hawatoi. Kituoni kibao kikiandikwa "To City" basi linaelekea Bridgetown, "Out of City" linatoka mjini. Na ukipanda salimia, ukiingia dukani salimia, wenyewe wanalijali sana hilo na mgeni anayeanza na "nipe" wanamwona hana adabu.

Ijumaa jioni panda ZR ya kwenda Oistins, mji wa wavuvi kule kusini, ukale samaki wa kuchoma.

SWALI: Kuna kitu wanakataza uwanja wa ndege wa Barbados? – Msomaji

JIBU: Kombati. Nguo yoyote ya madoadoa ya kijeshi, hata kofia, hata begi, hata kaptula ya mtoto, ni kosa kisheria kwa asiye mwanajeshi. Acha nyumbani. Ukitoka nchi yenye homa ya manjano beba cheti cha chanjo, na uchanje angalau siku 10 kabla ya safari kwa sababu kabla ya hapo cheti hakihesabiki.

Halafu angalia unapitia wapi. Ukiunganisha ndege Marekani lazima upite uhamiaji wao hata kama hutoki nje ya uwanja, kwa hiyo viza yao utaihitaji, na London nako pasipoti nyingi za Afrika zinadaiwa viza ya kupita. Pata hiyo viza kwanza ndio ulipie tiketi.