Usiache lithiamu kimyakimya

Dada, unasema unataka kuacha lithiamu, dawa yako ya baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), maana mikono inatetemeka, hisia zimepooza, na daktari wako anakujibu tu "vumilia". Una haki ya kumbishia. Mwili ni wako.

Ila nakusihi, usiikate ghafla. Lithiamu ikiachwa kwa mkupuo ugonjwa hurudi upesi kuliko ikipunguzwa taratibu, na hatari ya kujiua hupanda.

Dai kipimo cha damu cha kiwango cha lithiamu, zikipita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Wengi hulengwa kati ya 0.6 na 0.8 mmol/L; ukiwa juu ya hapo, huenda dozi ndogo ikatuliza mikono. Tezi ya shingo nayo ipimwe pamoja na figo, maana lithiamu huweza kuizorotesha, na huko kupooza kukatokea hapo. Unameza ibuprofeni, ile dawa ya maumivu? Mwambie daktari, inapandisha lithiamu mwilini. Mtetemo ukizidi, ukitapika au kuyumba, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Malalamiko yako yaandike kwa matukio: "Jumanne nimeshindwa kutia sahihi" humgusa daktari kuliko "dawa inanisumbua". Asiposikia hata hapo, tafuta daktari mwingine, huku ukiendelea na dozi.