Siku Moja Uluru Haitoshi

Wiki jana mama mmoja wa Perth aliniandikia: "Dada, tunataka kuwapeleka watoto Uluru. Siku moja inatosha?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja kuhusu ule mwamba mkubwa wa katikati ya Australia, nikashindwa. Mimi pia nilikwenda na hesabu hiyohiyo ya siku moja, na ilinitoa machozi.

Ilikuwa Januari, likizo ya shule: mimi, baba watoto, watoto wawili na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Kilifi. Kutoka mji wa Alice Springs hadi Uluru ni kama kilomita 450. Safari yenyewe siielezi. Barabara imenyooka, jazeni mafuta kila mkiona kituo. Tulilenga kwanza Kata Tjuta, jirani na Uluru, yale majabali 36 yaliyosongamana kama vichwa, tupite njia ya Valley of the Winds. Tulifika saa saba mchana, tukakuta imefungwa. Utabiri ukifika nyuzi 36, hufungwa saa tano asubuhi. Kifungua mimba wangu alikuwa akiihesabu siku hiyo kwenye kalenda. Alilia, nami nikalia naye. Basi nendeni kati ya Mei na Agosti, na muamke alfajiri.

Jioni tukazunguka Uluru kwa gari. Mwamba wenye kimo cha mita 348, unawaka kama kaa la moto. Nilipiga picha ovyo nikazirusha kwenye kundi la familia. Mama mkwe ndiye aliyeona kibao: sehemu ile haipigwi picha, ni takatifu kwa Waanangu, wenye nchi. Akanigeukia. "Kwani Kaya mnaingia na simu siku hizi?"

Nimekulia jirani na Kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Najua hata kijiti hakitolewi mle. Aibu ile haijanitoka. Nilizifuta picha zile, nikaomba kundi zima lifute, na binamu yangu akajibu, "Si jiwe tu hilo?" Hilo nalo bado linaniuma.

Tiketi ya hifadhi ni ya siku tatu, kwa hiyo tukabaki. Kesho yake mama mmoja wa Kianangu alitutembeza hadi kidimbwi cha Mutitjulu. Alisimulia kwa Kipitjantjatjara, kijana akitafsiri: Kuniya, chatu jike, alivyopigana na Liru, nyoka wa sumu, kulipiza kisasi cha mpwa wake. Alama za vita zimo mwambani, akatuonyesha kwa kidole. Watoto wangu, ambao hawatulii dakika tano, walisikiliza midomo wazi. Mama mkwe alikuwa akiitikia kwa kichwa kabla hata ya tafsiri.

Kwa hiyo tafuteni mwongozaji mwenyeji, tena mapema. Na ndugu zangu, acheni kulalamika kwamba hampandi juu. Kupanda kulifungwa tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu Waanangu warudishiwe ardhi yao. Waliomba kwa upole miaka mingi, watu wakapita mbele ya ombi lao na kuushika mnyororo wa kupandia. Sisi tunaovua viatu mlangoni pa watu tunahitaji kuelezwa nini zaidi?

Usiku wa mwisho, hotelini Yulara, mwanangu mdogo wa miaka saba alinijia na ngumi imefumbwa. Ndani mlikuwa na kijiwe chekundu. Alikiokota njiani, akakificha mfukoni siku nzima. "Mama, si chetu hiki." Asubuhi baba yake aliwasha gari, tukamrudisha hadi palepale, akainama mwenyewe akakiweka.