Mlango wa lifti: hufungwa, hufungika au hujifunga?

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni mwanagenzi kwa fundi wa lifti hapa Nairobi. Juzi tuliagizwa kubandika ilani ndani ya lifti moja ya katikati ya jiji ili abiria waache kuuvuta mlango. Mkubwa wangu akaandika "Mlango hufungwa na mota." Mlinzi wa jengo akasema Kiswahili chenyewe ni "hufungika". Mimi nilitaka "hujifunga". Tulibishana hadi chai ikapoa. Nani kasema sawa? Na mtu akitaka kujua siri ya mashine, aulize "hufanya kazi vipi" au "hufanyaje kazi"?

JIBU: Bandikeni "Mlango hujifunga wenyewe", kisha mpashe chai yenu moto. Hata hivyo mkubwa wako hakukosea Kiswahili. Alijibu tu jambo ambalo abiria hakuuliza. Aliyewapoteza ni mlinzi.

Kitenzi kikinyambuliwa kwa -ik- na kutanguliwa na hu-, wengi wetu husikia kwanza kwamba jambo linawezekana. Dirisha hili hufungika, lile halifungiki kwa sababu bawaba zimeshika kutu. Abiria akisoma "mlango hufungika" ataelewa kwamba akijitahidi ataweza kuufunga, naye atajitahidi. Mtakuwa mmemwalika kufanya kile kile mlichotaka kumkataza.

Twende kwa mkubwa wako. "Hufungwa" humtaka mtendaji, awe ametajwa au amefichwa. Yeye amemtaja, na kwa kiunganishi sahihi: hufungwa na mota, kwa kuwa hakuna mtu anayeishika mota hiyo mkononi. Ingekuwa bisibisi tungesema skrubu hufungwa na fundi kwa bisibisi. "Na" ni ya mtendaji, "kwa" ni ya kifaa. Fundi wa lifti ana kila sababu ya kuiweka mota upande wa mtendaji, maana ameiona kwa macho. Juu ya chumba cha lifti kuna mota ndogo inayovuta mlango wa chumba. Mlango wa ghorofani, ule unaoutazama ukisubiri, kwa kawaida hauna mota yake. Chumba kikifika, kinaso kilichoko kwenye mlango wa ndani hushika vigurudumu vya mlango wa nje, komeo huachia, na milango yote miwili huenda pamoja. Kwa hiyo katika daftari la matengenezo andikeni bila wasiwasi kwamba mlango wa chumba hufungwa na mota, na wa ghorofani huvutwa na wa chumba. Mafundi wawili wakisomeana taarifa hiyo watajua pa kuanzia kutafuta kasoro.

Abiria haoni vitu viwili. Kwake mlango ni mlango, pamoja na chochote kinachousukuma. Hapo ndipo -ji- inapofaa, kwa sababu hudokeza kwamba nguvu imo ndani ya kitu kile kile tulichokitaja. Wapo wanaopinga kwamba mlango hauna nia, utajifungaje? Pingamizi hilo limechelewa. Tumeshazoea kusema gari linalojiendesha na birika la umeme linalojizima, na hatumaanishi kwamba birika limetafakari. Maji yakichemka, mvuke hupita kwenye kijitundu hadi kwenye kibati chembamba cha metali mbili zilizounganishwa. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, kibati hupinda ghafla na kukata mkondo wa umeme. Ukiacha kifuniko wazi, mvuke hutokea juu bila kukifikia kibati, na birika litaendelea kuchemka. Nguvu na uamuzi, kama tunaweza kuuita uamuzi, vyote vimo ndani ya birika. Linajizima.

Kwenye lifti yenu kuna mlango mmoja unaostahili -ji- hata machoni pa fundi. Mlango wa ghorofani ukiachwa wazi wakati chumba hakipo, springi au kizito kinachoning'inia huurudisha mahali pake ili mtu asitumbukie shimoni. Hakuna mota inayohusika.

Sasa angalizo, maana nakuona ukitafuta sentensi ya kwenda sambamba na hiyo. Usiandike "mlango hujifunga na kujifungua". Anayejifungua ni mama mjamzito. Lifti itachekwa kuanzia ghorofa ya chini hadi paani. Andika "hufunguka". Kitenzi funguka kimekomaa chenyewe, kama zibuka na chomoka, na mlango ukifunguka hakuna anayeuliza aliyeufungua. Na hiyo "kujifunga" nayo si salama sana: mpigie simu shabiki wa kandanda umwambie beki amejifunga, uone kama atafikiria mlango. Ila ndani ya lifti hakuna goli, kwa hiyo neno litaeleweka.

"Wenyewe" nimeliongeza makusudi. Watakaokuambia ni marudio kwa kuwa -ji- imeshasema hilo wana hoja. Lakini ilani husomwa na mtu mwenye haraka, na neno hilo ndilo litakalomfanya aondoe mkono. Hakikisheni tu upatanisho: mlango wenyewe, milango yenyewe, lifti yenyewe. Nimeona "mlango yenyewe" mara nyingi mno mjini humu, na imeandikwa kwa herufi kubwa.

Tofauti hizi si mapambo ya darasani. Chukua stima. Nairobi stima zikipotea, jirani naye yuko gizani na nyote mnasubiri. Stima zikikatwa, wewe peke yako ndiye uliye gizani, na kuna bili. Sijasikia mpangaji akizichanganya kauli hizo mbili mbele ya mwenye nyumba. Au chukua injini. Dereva wa matatu akifika steji akageuza ufunguo, amezima gari. Akiachia klachi haraka mlimani, injini ikakosa nguvu ya kubeba mzigo, gari limezimika. Na yapo magari ya siku hizi ambayo yakisimama kwenye taa huzimishwa injini na kompyuta yao ili kuokoa mafuta: hayo hujizima. Mtaani tunasema "gari imezima" kwa yote matatu, na katika mazungumzo sioni ubaya, ingawa ukiandika gari ni li-. Lakini nenda kwa mafundi wa magari wa Grogan, hapa Nairobi, na gari ulilolivuta kwa kamba, usikilize swali la kwanza: "Ulizima ama ilizimika?" Jibu lako ndilo linaloamua kama ataanza kwa kufuatilia mafuta na umeme au atakuuliza tu kwa nini hujaliwasha tena. Kabla hujachagua mwisho wa kitenzi, basi, jiulize kama anavyojiuliza fundi: nguvu imetoka wapi?

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye kazi yenu yenyewe. Mwaka 1854, New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la kuinulia mizigo mbele ya umati wa watu kwenye maonyesho, akaagiza kamba iliyolishikilia ikatwe. Ikakatwa. Jukwaa likashuka kidogo tu likanaswa. Siri ilikuwa springi iliyopindishwa na mvuto wa kamba. Mvuto ulipokwisha, springi ilinyooka na kung'ang'ania meno yaliyokuwa kwenye reli za pembeni. Lifti za leo zina kidhibiti mwendo kinachofanya taya zibane reli chumba kikishuka kwa kasi kupita kiasi. Sasa tazama vitenzi. Siku ile kamba ilikatwa, kwa sababu kulikuwa na mkono wa mtu. Kifaa chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya siku ambayo kamba ingekatika, bila mkono wa mtu, kwa uchakavu. Springi haikujua tofauti hiyo wala haikuihitaji. Anayeihitaji ni wewe, siku utakapoandika taarifa ya ajali na mtu wa bima akaisoma. "Kamba ilikatwa" itamfanya atafute mshukiwa. "Kamba ilikatika" itamfanya aombe rekodi za ukaguzi, ambazo natumaini mnaziweka.

Usisahau kwamba mafundi wana kauli yao nyingine isiyo na -w- wala -k- wala -ji-: gari limekataa kuwaka, breki zimekataa kushika. Wanasarufi wachache huinunia kwa sababu inaipa mashine kiburi. Mimi naiona ni ya uaminifu kuliko zote. Fundi anayesema "imekataa" anakiri kwamba bado hajapata mahali nguvu ilipopotelea, na akishapata utamsikia akibadili kitenzi: pampu imeziba, waya umekatika.

Swali lako la pili ni jepesi. "Hufanya kazi vipi?" ni sawa, na "hufanyaje kazi?" ni sawa, chagua inayokujia mdomoni. Kiambishi -je hukaa mwishoni mwa kitenzi, kwa hiyo "hufanya kazije" haipo. Mahali watu wa Nairobi wanapoteleza ni swali likiingizwa ndani ya sentensi nyingine: "Nieleze vipi lifti inafanya kazi." Hapo Kiswahili kinataka -vyo-: "Nieleze jinsi lifti inavyofanya kazi", au kwa kifupi, "Nieleze lifti inavyofanya kazi." Na kwa kuwa hu- haipokei -vyo-, usijaribu "huvyofanya". Mkibandika maelezo marefu chini ya ile ilani, kichwa chake kiwe "Jinsi lifti hii inavyofanya kazi", na chini yake mnaweza kurudi kwenye hu- mpendavyo: hupanda, hushuka, husimama, hufunguka.